Askari Walio Ndani ya Kitambi

 

Leo naanza na barua. Msikilizaji mmoja ametuandikia kuhusu mama yake mzazi, ambaye ameambiwa hospitalini kwamba ana kisukari cha aina ya pili. Anasema mama yake hanywi soda, na chai yake huitia sukari kijiko kimoja tu. Lakini daktari alimpima kiuno kwa utepe, akamwambia kwamba sehemu kubwa ya shida iko pale kwenye kitambi. Sasa msikilizaji wetu anauliza: mafuta yaliyo tumboni yanahusiana vipi na sukari iliyo kwenye damu? Je, mama ameambiwa ukweli, au alipewa jibu la haraka ili foleni isonge?

Ameambiwa ukweli. Lakini siwezi kumlaumu dada huyu kwa kutilia shaka, kwa maana jibu hilo liliwachukua wataalamu zaidi ya miaka mia moja kulipata. Waliokuwa wakichunguza kinga ya mwili hawakuwa na habari na mafuta, waliochunguza mafuta hawakujali bakteria, na waliochunguza bakteria wa tumboni walionekana kama watu wanaopoteza wakati wao kwenye kinyesi. Acha nikusimulie jinsi walivyokuja kukutana.

Naanza na kitu ambacho huenda umekiona kwa macho yako. Mbuzi akichinjwa na tumbo lake kupasuliwa, kitu cha kwanza kujitokeza ni utando mwembamba wa mafuta, mweupe, wenye matundu matundu kama wavu, uliofunika matumbo. Mimi nawe pia tunao utando wa namna hiyo. Mwaka 1874, mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Louis Ranvier aliuchunguza utando huo akaona una vidoadoa vyeupe, akaviita madoa ya maziwa. Leo tunajua kwamba madoa hayo ni makundi ya seli za kinga, yaani askari wa mwili, waliopiga kambi ndani ya mafuta. Na mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji wa Uingereza, Rutherford Morison, aliupa utando huo jina la polisi wa tumbo. Wapasuaji walikuwa wakiukuta umejikunja na kujibandika mahali palipoumia, kwa mfano kwenye kidole tumbo kilichopasuka, kama mtu anayeziba tundu la paa kwa kitambaa.

Kwa hiyo dalili ilikuwepo tangu zamani kwamba mafuta na askari ni majirani. Lakini mafuta yaliendelea kuonekana kama ghala tu, mahali ambapo mwili huweka akiba ya chakula kwa siku za njaa. Nani angekwenda kutafuta askari kwenye ghala la mahindi?

Sasa tuwatazame askari wenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka 1882, mtaalamu wa wanyama aitwaye Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Ukraine, alikuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, nchini Italia. Siku moja watu wa nyumbani kwake walikwenda sarakasi kutazama nyani, naye akabaki peke yake na hadubini yake. Alikuwa na vitoto vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota ambaye wasikilizaji wetu wa Lamu na Kwale wanamjua vizuri. Vitoto hivyo ni vyangavu, unaona mpaka ndani. Metchnikoff alichukua miiba ya waridi kutoka bustanini, akavichoma. Kesho yake alfajiri alitazama akakuta seli zimetoka kila upande na kuuzunguka mwiba, zikijaribu kuumeza.

Ndivyo askari wa mwili walivyojulikana. Wale wanaomeza adui huitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Na wewe unaijua kazi yao, ila hukuwa na jina lake. Mtoto akichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hayo yote ni matokeo ya askari kufika na kumwaga silaha zao. Mwiba ukitoka na kidonda kikipona, askari hutulia na moto huzimika. Likumbuke neno hilo, moto, maana tutalirudia.

Metchnikoff alihamia Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Lakini uzeeni alishikwa na wazo jingine. Aliamini kwamba bakteria wanaooza chakula kwenye utumbo mpana hutoa sumu inayozeesha mwili, na kwamba maziwa yaliyoganda huwafukuza. Mwaka 1907 alichapisha kitabu akiwasifu wakulima wa Bulgaria waliokunywa maziwa hayo na kuishi miaka mingi. Yeye mwenyewe aliyanywa kila siku. Alifariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71. Nikisoma habari zake huwa natabasamu, kwa kuwa nyanya zetu walikuwa na vibuyu vya maziwa lala na mursik bila kusubiri mtu wa Paris awaruhusu. Kuhusu sumu ya uzee alikwenda mbali mno. Hata hivyo, alishika mkononi nyuzi mbili kati ya tatu, askari na bakteria wa tumboni.

Katika taasisi hiyo hiyo, karibu na mwaka 1900, kijana aitwaye Henri Tissier alichunguza choo cha watoto wachanga. Alikuta kwamba watoto wanaonyonya maziwa ya mama wamejaa aina moja ya bakteria yenye umbo la herufi Y, inayoitwa leo bifidobakteria. Baadaye ikajulikana sababu. Katika maziwa ya mama mna sukari za namna ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ziko nyingi, na kwa miaka watu walijiuliza mama anapoteza nguvu za nini kutengeneza chakula kisicholiwa. Kumbe kinaliwa na bakteria hao. Mama anaponyonyesha anawalisha wawili, mtoto na wageni wema walio tumboni mwake, na wageni hao ndio wanaowafundisha askari wachanga wa mtoto kumtambua adui na kumwacha rafiki.

Uzi wa tatu ni mafuta na sukari. Mwaka 1876, daktari wa Ujerumani, Wilhelm Ebstein, aliwapa wagonjwa wa kisukari dawa ya jamii ya aspirini, ambayo kazi yake ni kutuliza joto na maumivu. Sukari yao ikapungua. Daktari mwingine wa Uingereza aliandika habari kama hizo mwaka 1901. Ilikuwa ajabu. Dawa ya kuzima moto inaingiaje kwenye ugonjwa wa sukari? Hakuna aliyejua, na dozi zilikuwa kubwa mno kiasi cha kuwadhuru wagonjwa, hivyo jambo hilo likasahaulika. Tafadhali usiende dukani leo kununua aspirini kwa ajili ya kisukari, wala usimpe mtoto aspirini. Nalisimulia kwa sababu ilikuwa alama njiani, na watu walipita bila kuisoma.

Kisha mwaka 1947, daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba si kila unene ni sawa. Kuna watu ambao mafuta yao hukaa kwenye nyonga na mapaja, jambo la kawaida kwa wanawake wengi, na kuna wale ambao hukaa tumboni na sehemu ya juu ya mwili. Hawa wa pili ndio aliowaona wakipata kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu. Kwa miaka mingi hakusikilizwa sana. Lakini sasa unaelewa kwa nini yule daktari alichukua utepe akapima kiuno, hakuishia kwenye mizani. Na jambo ambalo kina mama wengi hawaambiwi ni kwamba hedhi ikishakoma, mafuta huanza kuhamia tumboni hata kama chakula hakijabadilika sana.

Nyuzi hizo zilianza kufungana mwaka 1993. Mjini Boston, Marekani, mtaalamu kutoka Uturuki aitwaye Gökhan Hotamisligil, akiwa na wenzake, alipima mafuta ya panya wanene. Alikuta mna kemikali ya vita, silaha ambayo askari wa mwili huitumia. Inaitwa kwa herufi tatu, TNF. Walipoizuia kemikali hiyo, miili ya panya ikaanza tena kuitikia insulini.

Hapa ngoja nieleze. Insulini ni kama ufunguo. Sukari ikiingia kwenye damu baada ya chakula, insulini hufungua milango ya seli ili sukari iingie ndani itumike. Ile kemikali ya vita ni kama mtu aliyetia gundi kwenye tundu la kufuli. Ufunguo upo, mlango upo, lakini haufunguki. Sukari inabaki nje, kwenye damu, hata kama mtu ameweka kijiko kimoja tu kwenye chai.

Lakini silaha hizo zilitoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 2003, wakati timu mbili za Marekani, moja ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York na nyingine ya kampuni ya dawa huko Massachusetts, zilipochapisha matokeo yanayofanana katika jarida moja. Mafuta yamejaa makrofaji, wale wale askari walaji wa Metchnikoff. Timu ya New York ilikadiria kwamba kwa mtu mwembamba askari hao ni chini ya asilimia 10 ya seli zilizo kwenye mafuta, na kwa watu wanene sana wanakaribia asilimia 40. Hebu fikiria ghala ambalo karibu nusu ya waliomo ni wanajeshi wenye silaha.

Walikuwa wakifanya nini humo? Mwaka 2005, Saverio Cinti wa Italia na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya askari hao wamejipanga kwa duara kuzunguka seli za mafuta zilizokufa. Seli ya mafuta hujazwa, hujazwa tena, huvimba kama gunia lililoshindiliwa, mwishowe hufa na kumwaga mafuta yake. Askari huja kusafisha. Wanauzunguka mzoga ule kama walivyouzunguka mwiba wa waridi. Tofauti ni kwamba mwiba hutoka. Kitambi hakitoki, kila siku seli nyingine zinakufa, askari wengine wanaitwa, na moto unawaka chini kwa chini mwaka hadi mwaka. Hauumi wala hauleti homa, na ndiyo sababu mtu huweza kukaa nao miaka kumi bila kujua.

Nisikuache ukidhani mafuta ni adui. Kwa mtu ambaye hajanenepa sana, ndani ya mafuta ya tumboni mna askari wa aina nyingine, wasuluhishi, ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Mwaka 2009 timu ya Diane Mathis ilionyesha kwamba panya wenye uzito wa kawaida wana wasuluhishi wengi kwenye mafuta yao, na panya wanene wamewapoteza. Na mtoto mchanga mnene anayenyonya asikutie wasiwasi hata kidogo, mafuta yake ana kazi nayo.

Bado kuna swali la bakteria. Mwaka 2004, timu ya Jeffrey Gordon katika mji wa St. Louis, Marekani, iliwalea panya kwenye mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja. Panya hao walikuwa wembamba. Walipotiwa bakteria kutoka kwenye utumbo wa panya wa kawaida, mafuta yao yaliongezeka kwa asilimia 60 ndani ya wiki mbili, na huku walikuwa wakila kidogo kuliko awali. Mwaka 2007 Patrice Cani na wenzake wakaonyesha kwamba panya wakilishwa mafuta mengi, vipande vya maganda ya bakteria hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Askari wakikutana na vipande hivyo hudhani vita imeanza. Basi kitambi kina milango miwili ya kuleta moto: seli zinazokufa ndani yake, na utumbo unaovuja kando yake.

Mwaka 2013 ile timu ya St. Louis ilichukua bakteria kutoka kwa mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, ikawapandikiza kwenye panya wasio na bakteria. Panya waliopewa wa pacha mnene wakanenepa zaidi. Lakini walipowekwa kizimba kimoja na wale waliopewa wa pacha mwembamba, hawakunenepa hivyo. Panya hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo bakteria wa upande mwembamba waliwahamia. Hapo pana sharti, nalo ndilo linalonivutia: ilifanya kazi pale tu panya walipolishwa chakula chenye mimea mingi na mafuta kidogo. Kwenye chakula cha mafuta mengi, bakteria wema hawakushika.

Hayo ni ya panya, na mtu si panya. Lakini jambo la chakula lilikuwa limeonekana kwa binadamu hapa hapa Afrika Mashariki, miaka mingi kabla. Hubert Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na kisha Uganda kuanzia mwaka 1929, kwa karibu miaka 30. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alikuja Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Huyu ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye ile saratani ya taya ya watoto inayojulikana sana magharibi mwa Kenya. Wote wawili waliona kwamba magonjwa waliyofundishwa Ulaya kuwa ya kawaida, kama kisukari cha watu wazima, hayakuonekana kwa wanakijiji. Burkitt hakuona haya kupima uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, na mwaka 1972 akachapisha matokeo hayo pamoja na wenzake. Waliokula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga walikuwa na choo kikubwa na laini kilichopita upesi. Mwaka 1975 Trowell aliandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula unachangia kisukari. Wengi walicheka.

Hawakujua kwamba nyuzinyuzi zile ni chakula cha bakteria. Hilo liliunganishwa mwaka 2013, wakati timu za Japani na Marekani zilipoonyesha katika panya kwamba bakteria wakizila nyuzinyuzi hutoa asidi ndogo ndogo, na asidi hizo huongeza wale askari wasuluhishi kwenye utumbo. Ugali wa mtama au wimbi, githeri yenye maharagwe, kunde, managu, terere na sukuma wiki vinaingia hapo. Vyakula hivyo tuliviona ni vya umaskini, tukavikimbia kwenda kwenye mkate mweupe na chipsi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009, wanawake 25 kati ya 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia mwaka 2014 walikuwa 33.

Kuna jambo la watoto ambalo sipendi kulipita. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kuku wakipewa antibiotiki kidogo kidogo hunenepa upesi. Mwaka 2014 watafiti wa New York walionyesha kwamba panya wachanga wakipewa penisilini kidogo mapema maishani, bakteria wao hubadilika na wakikua hunenepa zaidi, hata kama dawa ilikomeshwa mapema. Mtoto wako akiandikiwa antibiotiki na daktari kwa sababu ya nimonia, mpe, na umpe kama ulivyoelekezwa, maana nimonia huua. Ninachozungumzia ni ile tabia ya kupita duka la dawa na kununua vidonge viwili vya mafua. Mafua hayaletwi na bakteria. Dawa ile haimtibu mtoto, inawaua wageni uliokuwa ukiwalisha kwa maziwa yako.

Sasa nirudi kwa dada aliyetuandikia. Mwambie mama kwamba hakujiletea ugonjwa kwa uvivu, na kile kijiko kimoja cha sukari si ndicho kilichomponza. Aendelee na dawa alizopewa, asiziache kwa ajili ya maziwa ya mgando wala unga wowote anaouziwa kwenye matatu. Ugali mweupe unaweza kubadilishwa kidogo kidogo na wa mtama au wimbi. Nasema kidogo kidogo kwa sababu tumbo lisilozoea nyuzinyuzi litajaa gesi naye atakasirika nawe. Sufuria ya maharagwe irudi jikoni, na mama atembee kila siku. Kiuno kikianza kupungua, hata kama mizani haijasogea sana, ujue askari wameanza kupungua pia. Na wewe mwenyewe, ukienda kliniki na mtoto, omba upimwe kiuno. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80, na huongezeka sana kikizidi 88. Ukiwa unanyonyesha usijinyime chakula ili upungue haraka.

Barua ya pili, ile ya mama wa mapacha anayeuliza kuhusu uji kabla ya miezi sita, nitaijibu juma lijalo. Hadi wakati huo, msalimie nyanya hapo nyumbani. Kwaheri.